Mchuzi mzuri wa bei nafuu Malindi: fuata sufuria inayomalizika

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, nimehamishiwa Malindi kutoka Kitui na naishi peke yangu Maweni. Kwa zamu zetu siwezi kupika kila siku, na mshahara hauniruhusu kula hoteli za watalii. Mchuzi wa pwani naupenda sana, ila hapa nimeshaumwa tumbo baada ya kula mkahawani, na mahali pengine nilitozwa zaidi ya mtu aliyekaa karibu yangu kwa chakula kile kile. Pilipili nayo siiwezi. Nitaujuaje mkahawa mzuri wa mtaani, na nikishaingia niagize vipi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na karibu Malindi. Pole kwa tumbo. Swali lako nimelifurahia, kwa sababu mikahawa ya mitaani ndiyo iliyonifunza upishi, na ndiyo ninayoiendea hadi leo siku ambazo sikuwasha jiko nyumbani. Watu wengi wakitaka kula vizuri huuliza jina la mkahawa. Mimi sitakupa jina, maana mpishi akihama na mkahawa umehama. Nitakupa njia ya kujua mwenyewe.

Tafuta mkahawa unaopika sufuria chache na kuzimaliza, kisha uende saa ile sufuria zinapotoka motoni. Hilo ndilo jibu langu lote. Yanayofuata ni maelezo yake.

Fahamu kwanza jinsi mkahawa mdogo unavyoendeshwa. Mwenyewe hana mtaji wa kujaza friza. Fedha za mauzo ya jana ndizo zinazonunua samaki, nyama, nazi na tungule (nyanya) za leo. Alfajiri jiko linawashwa kwa ajili ya chai, mahamri na mbaazi. Kufika saa tatu sufuria za mchana ziko motoni: moja ya wali, moja ya mchuzi wa samaki au kuku, moja ya nyama, moja ya maharagwe au mboga ya nazi. Saa sita kasorobo vimeiva. Watu wanaingia kwa wimbi moja, na saa nane na nusu upawa unakwangua chini. Ukichelewa utaambiwa samaki wamekwisha, zimebaki mbaazi. Usinune. Ukilisikia neno hilo siku mbili tatu mfululizo, weka alama kwamba hapo ni pazuri.

Bei nafuu inatoka papo hapo. Hakuna kinachotupwa, hakuna bili kubwa ya umeme, hakuna wapishi wanne wanaosubiri mteja achague. Na usalama wa tumbo lako unatoka papo hapo pia, kwa sababu chakula hakikai. Ndiyo maana huwa nasikitika nikisikia mtu akisema chakula cha bei rahisi lazima kiwe kibaya. Mkahawa wa bei ya chini unaouza kwa kasi unaweza kuwa salama kuliko hoteli yenye vitambaa vya meza inayopata wateja watano kwa siku na kuwapashia kilichopikwa juzi.

Kwa hiyo ukiona jiko dogo lenye ubao mrefu, kuku wa aina saba, samaki wa aina sita, na vyote viko tayari muda wote, jihadhari. Ama vingi havipo, ama vimelala. Mahali pa kukupa moyo ni pale unapouliza "Leo mna nini?" na mhudumu akajibu kwa pumzi moja.

Waangalie pia wanaokula. Wewe unafanya kazi hospitali, unajua wenzako wanakula wapi. Waulize wale waliokaa mji huu miaka, wahudumu wa wodi, madereva, walinzi. Watu wa boda boda, wachukuzi wa sokoni na walimu wanakula nje kila siku na shilingi yao wanaihesabu. Wakirudi palepale, wana sababu. Kwa upande wa mahali, angalia mitaa inayozunguka soko, upande wa Barani na huko huko kwenu Maweni, na vichochoro vya mji wa kale karibu na wanakotua samaki. Barabara ya Lamu na ule upande wa Casuarina unaoelekea baharini ni za wageni, hasa Waitaliano, na huko unalipia pia kiti na upepo. Sina ubaya nazo. Nenda siku ya mshahara ukipenda, lakini usizitarajie zikulishe mwezi mzima.

Sasa nikupeleke jikoni, kwa sababu ukijua mchuzi unavyopikwa, sahani itakwambia yote kabla hujauliza.

Mchuzi wa samaki wa nazi unaanza na kitunguu. Kikatwe chembamba, kikaangwe kwa moto wa wastani hadi kilegee na kuanza kugeuka rangi. Mpishi mwenye haraka hukiruka hatua hii. Anatupa kila kitu pamoja na kutia maji, na utakuta vipande vya kitunguu vinaelea vikiwa vyeupe, vinakatika mdomoni kama kachumbari. Baada ya kitunguu huja thomu (kitunguu saumu) na tangawizi zilizopondwa, halafu bizari ya mchuzi na manjano. Hapa ndipo penye siri ya kazi. Harufu na ladha ya viungo hivi inayeyuka kwenye mafuta zaidi kuliko kwenye maji, kwa hiyo bizari lazima ikutane na mafuta ya moto kabla ya kukutana na maji. Dakika moja inatosha, ikizidi inaungua na kuwa chungu. Bizari iliyokaangwa inatoa harufu inayofika barabarani. Ambayo haikukaangwa inabaki na ladha ya unga, inakwaruza koo, na ukimaliza kula unaihisi kwenye meno. Watu wengi wanaosema "mchuzi huu una bizari nyingi" kwa kweli wamekula bizari mbichi.

Kisha tungule. Zipondeke na kukauka hadi mafuta yatoke pembeni ya sufuria. Mpishi akifika hapo mchuzi umeshakuwa mchuzi, ungeweza kuula kwa chapati. Baada yake anatia tui jepesi, lile la maji ya pili, na samaki aliyekwisha kupakwa chumvi na ndimu, mara nyingi akiwa amekaangwa kidogo ili asivunjike. Tui zito linaingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na mpishi anakoroga bila kuacha mpaka lianze kutokota. Ukwaju au ndimu vinakuja mwisho kabisa. Ukichemsha tui zito kwa moto mkali, au ukilitia ndimu mapema, linakatika: mafuta yanakwenda juu na punje nyeupe zinabaki chini. Tui lililokatika halidhuru, lakini linakueleza kwamba hakuna aliyesimama karibu na sufuria.

Basi sahani ikiwekwa mbele yako, itazame kidogo. Mchuzi mzuri una vijiduara vidogo vya mafuta juu, rangi yake ni ya dhahabu iliyofifia au nyekundu ya tungule, na ukiinamisha sahani unateremka taratibu. Ukiwa wa manjano ya kung'aa na mwepesi kama maji, manjano yametiwa mengi kuficha uchache wa vingine. Ukiwa mzito wa kunata, na utando unajitengeneza juu ukipoa, umekolezwa kwa unga. Na ukila ukasikia chumvi peke yake ikifuatwa na kiu isiyokwisha, basi kazi ya viungo imefanywa na unga wa pakiti. Haya si makosa ya kukufanya uondoke bila kula, lakini ukiyakuta mara kwa mara, hamia jirani.

Kuku na nyama sina mengi. Kuku wa mchuzi awe na mifupa, maana mfupa ndio unaotoa utamu. Nyama iwe imelainika hadi unaikata kwa ukingo wa kijiko, na kiazi kilichopikwa ndani ya mchuzi kiwe kimeingia rangi hadi katikati. Kikate utazame. Kikiwa cheupe ndani, kilichemshwa kando na kutumbukizwa baadaye.

Mboga za nazi ndizo ningependa uzipe heshima zaidi. Mbaazi, kunde, maharagwe, mchicha na kisamvu vikipikwa kwa tui ni chakula kizuri, na ndicho kitu cha bei ya chini kabisa katika mkahawa wowote hapa. Mbaazi za nazi kwa mahamri mawili asubuhi, ukitoka zamu ya usiku, zitakubeba mpaka mchana. Mbaazi ni kipimo kizuri pia cha mpishi. Hakuna samaki wa kumsaidia wala mfupa wa kutia ladha. Ana mbaazi, kitunguu, chumvi na nazi. Mpishi ambaye mbaazi zake zimelainika bila kuvurugika, na tui lake limezishika zote, huyo mwamini kwa samaki.

Kuhusu tumbo lako, wewe ni muuguzi na mengine unayajua kunishinda, lakini kuna mambo matatu ya mkahawani ambayo hata watu wa afya huyasahau.

La kwanza ni wali. Watu wanaogopa samaki na kuusahau wali. Mchele una mbegu za bakteria wanaoitwa Bacillus cereus ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa sufuriani bila moto kwenye joto hili letu, mbegu zinaamka, bakteria wanazaana na kuacha sumu, na sumu ile haiondoki hata wali ukipashwa hadi utoe moshi. Chakula kinatakiwa kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60 au baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo ndipo bakteria wanapostawi, na hewa ya Malindi mchana iko katikati kabisa. Wali wa mchana uliofunikwa juu ya makaa ni sawa. Wali ule ule saa mbili usiku, vuguvugu, usiule. Na asubuhi usikubali mwiku wa mkahawani. Mwiku wa nyumbani unajua ulikolala, ule wa mkahawani hujui.

La pili ni tui. Linachacha upesi kuliko mchuzi usio na nazi. Ukionja mchuzi wa nazi ukakuta uchachu, uliza kama umetiwa ukwaju. Uchachu wa ukwaju una utamu kwa mbali. Uchachu wa tui lililoharibika unakuja na harufu nzito puani na povu dogo pembeni. Rudisha sahani kwa upole. Mwenye mkahawa anayeijua kazi atakubadilishia bila maneno.

La tatu ni samaki wa nyama nyekundu na nyeusi: jodari, nguru, vibua. Wakikaa juani baada ya kuvuliwa, mwilini mwao inazalika histamini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mtu anakula, na ndani ya dakika chache au saa moja uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, ngozi inawasha na moyo unakwenda mbio. Wengi hudhani wana mzio wa samaki na kuacha kula samaki maisha yao yote. Kama ulimi unakuchoma kwa namna ya pilipili wakati mchuzi hauna pilipili, acha papo hapo. Changu, tafi na tewa hawana tatizo hilo kwa kiasi hicho, na kwa mtu mgeni ambaye bado hajaujua mkahawa, ningeanza na hao.

Na samaki ana msimu wake. Kusi inavuma kuanzia mwezi wa nne hivi hadi wa tisa, na katikati yake, mwezi wa sita mpaka wa nane, bahari inachafuka na vyombo vidogo vingi vinabaki pwani. Samaki wanakuwa wachache, bei inapanda, na baadhi ya mikahawa inatumia wa barafu. Miezi hiyo kula kuku, nyama na mboga za nazi bila kujilaumu. Kaskazi ikirudi mwisho wa mwaka, bahari inatulia na samaki wabichi wanakuwa wengi. Ukiuliza "Samaki gani leo?" na ukajibiwa jina, mambo ni mazuri. Ukijibiwa "samaki tu," agiza maharagwe.

Tuje kwenye pilipili, na hapa nataka uondoe wasiwasi kabisa. Mchuzi wetu kwa asili si mkali. Ukali tunauweka kando: pilipili ya kukaanga kwenye kibakuli, achari ya embe, ndimu ya chumvi, kila mtu ajitilie anavyoweza. Wapishi wengi hutumbukiza pilipili mbichi moja au mbili nzima ndani ya sufuria kwa ajili ya harufu tu. Ikiangukia sahani yako, isogeze pembeni kwa kijiko bila kuipasua, na mchuzi utabaki mpole. Ukiagiza, sema tu, "Nipakulie bila pilipili, tafadhali, na ile ya kando sihitaji." Hutachekwa.

Desturi hii ya kuweka vikali kando ni ya zamani sana. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba aliletewa wali uliopikwa kwa samli kwenye sahani kubwa ya mti, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni ndimu za kuhifadhiwa, pilipili manga, tangawizi mbichi na maembe. Pilipili kali tunayoijua leo haikuwepo popote pwani hii. Ni mmea wa Amerika, na Wareno ndio walioueneza katika Bahari ya Hindi, pamoja na tungule na viazi. Vasco da Gama alitia nanga hapa Malindi mwaka 1498, akavikuta vyombo vya wafanyabiashara wa Kihindi bandarini, na hapa hapa ndipo alipopata nahodha wa kumvusha hadi Calicut. Kwa hiyo wali, kitoweo na viungo vilikuwa vinaliwa pwani kabla ya pilipili kufika. Anayekuambia mchuzi usio na pilipili si mchuzi hajui historia ya sahani yake.

Siku pilipili ikikushinda kwa bahati mbaya, usinywe maji. Kile kinachochoma hakiyeyuki kwenye maji, kinasambaa tu mdomoni. Omba maziwa au mtindi, au tafuna wali mkavu taratibu.

Kuna pia michuzi ya Kihindi, ambayo Malindi haikosi. Mingi haina nazi; msingi wake ni kitunguu na tungule zilizopikwa muda mrefu, na dengu ni rafiki wa mfuko. Ila hiyo ndiyo uulize pilipili mapema, kwa sababu mara nyingi imesagwa pamoja na viungo na haiwezi tena kutolewa. Biriani nayo huwa siku maalumu, hasa Ijumaa. Wali unapikwa peke yake na masala peke yake, mazito, ya vitunguu vya kukaanga na mtindi, kisha yanakutanishwa sahanini. Bei yake iko juu. Kama mfuko unabana, wengine huenda wawili wakala sahani moja na chapati ya ziada, na hakuna anayeona ajabu.

Kuhusu bei uliyotozwa. Nakuelewa uliumia, na wapo wanaomwangalia mtu usoni kabla ya kutaja bei. Lakini kabla ya kumhukumu mwenye mkahawa, jua kwamba samaki huuzwa kwa kipande. Kichwa, mkia na pande la katikati havilingani bei, na jirani yako huenda alichukua mkia. Dawa ni kuuliza kabla ya kupakuliwa, tena ukiwa umesimama mbele ya sufuria: "Kipande hiki na wali ni shilingi ngapi?" Sema kwa sauti ya kawaida, hakuna aibu. Mikahawa mingi ina bei zilizoandikwa ukutani. Zisome kabla ya kukaa. Kama hazipo na mhudumu anasita kukutajia, toka kwa adabu.

Kipo kitu ambacho wageni hawakijui na kinawafanya walipe zaidi bila sababu. Ukiagiza wali kwa mboga au wali kwa maharagwe, unaweza kuomba umwagiwe mchuzi mtupu wa nyama au kuku juu yake. Mikahawa mingi hukupa bila malipo. Ukila chapati, omba mchuzi wa kuchovyea. Nyongeza ya wali kidogo pia huombwa baada ya sahani kuisha, ila hiyo uliza kwanza, kwa sababu wengine huihesabu. Maji ya jagi ni ya bure, lakini kwa tumbo lako la kigeni, miezi ya kwanza beba chupa yako.

Ukilipa kwa M-Pesa, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la mkahawa au la mwenyewe kabla malipo hayajakamilika. Halafu kuna daftari. Ukishazoeleka utapewa nafasi ya kula na kulipa mwisho wa mwezi. Kwa mwenye mshahara ni msaada, lakini mimi ningekushauri ufanye kinyume: tanguliza kiasi cha wiki moja, kiandikwe mbele yako, na uwe unakatwa. Mwenye mkahawa anapata fedha ya kununulia nazi kesho asubuhi, wewe unajua ulipofika, na hakuna siku mtakayotazamana kwa deni.

Na sasa mapokezi. Umeandika kana kwamba mkahawa ni mahali pa kulipa na kuondoka. Huku si hivyo, na ukilijua hilo utakula vizuri zaidi kwa fedha ile ile. Ukiingia, salimu. Asubuhi subalkheri, jioni masalkheri, salamu aleikum wakati wowote hata kama wewe si Mwislamu, utaitikiwa. Mwanamke mkubwa anayesimamia sufuria ni mama, mzee wa kaunta ni mzee au baba, kijana anayepakua ni kaka. Nawa mikono kabla ya kukaa, hata kama utatumia kijiko. Ukila kwa mkono, uwe wa kulia. Meza ni za kushirikiana, na ukimkuta mtu amekaa, mkaribie na useme "hamjambo," naye atakukaribisha chakula chake, jibu "ahsante, endelea." Ukimaliza na chakula kilikuwa kizuri, mwambie mpishi mwenyewe. Nimefanya kazi hiyo, na nakwambia kwa dhati kwamba sifa ya mteja inabaki na mpishi siku nzima, na siku ya pili mkono wake unakuwa mwepesi juu ya sahani yako.

Wewe una zamu, kwa hiyo chukua namba ya simu ya mkahawa. Ukijua utatoka saa nane, piga saa tano umwombe mama akuwekee sahani moja ya samaki. Hivyo ndivyo tunavyofanya wote. Beba hotipoti yako asubuhi na umwachie. Chakula kitakaa moto, na hutatiliwa mchuzi unaochemka kwenye chombo cha plastiki.

Mbili za ratiba. Ijumaa mikahawa mingi hufunga kuanzia saa sita na nusu hivi kwa ajili ya swala na kufungua tena baada yake, basi wahi au chelewa. Mwezi wa Ramadhani mingi haipiki mchana kabisa. Panga chakula chako cha mchana nyumbani mwezi huo, lakini jioni ikifika toka nje: futari ya viazi vya nazi, mihogo, mbaazi, kaimati na uji, vyote vimetoka motoni muda huo huo na kwa bei ya kila mtu. Utakaribishwa hata kama hukufunga.

Limebaki la usiku, kwa sababu najua zamu nyingine zinakuachia saa mbili au tatu usiku. Saa hizo sufuria za mchuzi ama zimekwisha ama zimechoka, na hata mkahawa nilioupenda mchana sili mchuzi wake usiku mpaka niwe najua umepikwa jioni. Kula vinavyopikwa mbele ya macho yako. Mishkaki inayotoka kwenye makaa, viazi karai na bhajia zinazotolewa kwenye mafuta, chapati ya moto, yai likikaangwa. Chatne ya ukwaju iko salama zaidi kuliko ya nazi saa hizo. Kama unatamani mchuzi hasa, mwulize mpishi waziwazi, "Mama, huu umepikwa saa ngapi?" Akikutajia alasiri na sufuria iko juu ya makaa inatokota, pakuliwa ule.